Kabla Hujasema "Nimepata Kazi"



Chukua mfano huu. Kijana wa Maparoni, kule delta ya Rufiji wilayani Kibiti, ana njia mbili. Abaki avue kamba na kaa mikokoni, alipwe kwa kilo. Siku asipopata kitu, basi. Au aende mjini, dukani, kwa mshahara wa mwezi. Wazee wanamwambia, "Kazi ni kazi, nenda." Yeye anauliza: Likizo ipo? NSSF je? Bosi anaongeaje na watu wake?

Je, anadeka? Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa haki ya kuuliza. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi asikatwe zaidi ya asilimia 10.

Kanisa nalo halikukaa kimya. Mwaka 1891 Papa Leo XIII aliandika *Rerum Novarum* kutetea ujira wa haki na mapumziko. Mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika *Laborem Exercens*, akafundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, siyo mtu kwa ajili ya kazi.

Kwa hiyo usipime kazi kwa mshahara na marupurupu tu. Mwangalie mfagiaji wa pale: anasalimiwa? Akiugua, anarudi akute nafasi yake? Hapo ndipo utaijua ofisi.

Ila kipimo hicho kinakugeukia na wewe. Yule dogo anayekusaidia kwenye mtumbwi, unamlipa jioni au kila siku ni "kesho"? Dada wa kazi pale nyumbani anapumzika lini? Soma Kumbukumbu la Torati 24:14-15: kibarua alipwe kabla jua halijazama. Tukidai haki kwa bosi halafu tukamnyima aliye chini yetu, tunadai nini hasa?

Fanya wiki hii: Kuna mtu unamdai Mungu amkumbuke, na wewe unadaiwa naye ujira? Mlipe kwanza, ndipo usali.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.