Kupanda Mlima Kenya: Hatari si theluji pekee

LIKIZO inapokaribia, wakazi wengi wa mijini hupanga kwenda Mlima Kenya wakiwa na hamu ya kukanyaga theluji karibu kabisa na ikweta. Ni safari njema. Lakini wengi hujiandaa kwa baridi tu: hununua sweta na glavu, wakasahau hewa watakayovuta huko juu. Wiki hii, mpenzi msomaji, tutazame mambo yanayofaa kujulikana kabla hujaondoka nyumbani.

Kwanza, chagua majira. Miezi ya Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, ndiyo mikavu zaidi. Mvua za masika na za vuli huanguka kama theluji kule juu, zikaficha njia na kuifanya iteleze. Hata hivyo, theluji yaweza kuanguka mwezi wowote. Ni kweli kwamba barafu ya Lewis imepungua sana tangu miaka ya 1930, lakini hilo halina maana kwamba baridi imekwisha. Usiku, maji huganda chupani.

Pili, fahamu habari ya oksijeni. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lenana, ambacho watembeaji wa kawaida hukifikia, kiko mita 4,985. Huko, kila pumzi huleta zaidi kidogo ya nusu ya oksijeni anayoipata mkazi wa Mombasa. Mwili una uwezo wa kuzoea, lakini huhitaji siku kadhaa. Usipoupa muda, utapatwa na ugonjwa wa mwinuko.

Dalili zake

Saa kadhaa baada ya kufika juu, kichwa huanza kuuma. Hufuata kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu, uchovu na kukosa usingizi. Wengi hudhani ni uchovu wa safari tu. Wala nguvu za mwili si kinga: kijana mwanamichezo anayekimbilia juu aweza kuugua, huku mzee aendaye polepole akifika salama.

Mwenye dalili hizi asipande zaidi hadi zitakapoisha. Zikizidi, ashuke. Lakini kuna dalili ambazo hazingoji hata dakika moja. Mtu akikosa pumzi hali ameketi, akikohoa makohozi yenye povu au damu, basi mapafu yake yanajaa maji. Akipepesuka kama mlevi au akisema maneno yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Mambo haya huua kwa muda mfupi. Mteremshe mara moja, hata kama ni usiku, na asishuke peke yake. Dawa au oksijeni ya chupa ikiwapo itumike, lakini isiwe sababu ya kuchelewa kushuka.

Panga siku zako

Madaktari hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Sasa tazama njia ya Sirimon. Kambi ya Old Moses iko mita 3,300, na ile ya Shipton iko takriban mita 4,200. Hiyo ni tofauti ya mita 900, na wengi huimaliza kwa siku moja ili kupunguza gharama. Yafaa ulale Old Moses siku mbili. Siku ya pili, tembea juu kidogo mchana, kisha urudi kulala chini. Ukifika Shipton, ongeza usiku mwingine iwapo mfuko unaruhusu. Usiku wa ziada ni nafuu kuliko kubebwa kwa machela.

Dawa iitwayo acetazolamide husaidia mwili kuzoea, lakini itumie kwa ushauri wa daktari, na umweleze ikiwa dawa za salfa hukudhuru. Epuka pombe na dawa za usingizi, kwani hupunguza nguvu ya kupumua ulalapo.

Wenye ugonjwa wa seli mundu hawafai kupanda. Hata aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu, asiye na dalili zozote, amwone daktari kwanza. Vivyo hivyo wenye maradhi ya moyo au mapafu, na akina mama wajawazito.

Kuhusu mavazi, nguo za pamba zikilowa hukufyonza joto. Sufu ni bora, na sweta ya mitumba yatosha. Beba koti la mvua, kofia, na soksi kavu za kubadilisha. Usisahau miwani ya jua, maana theluji hurudisha mwanga machoni na kuyaunguza. Anayetetemeka na kuanza kuzungumza kwa shida amezidiwa na baridi: mvue nguo zilizolowa na umfunike mara moja.

Mwisho, kabla ya kuanza safari patana na wenzako na mwelekezi wenu mambo mawili: atakayeumwa na kichwa aseme bila haya, na mgonjwa asiachwe nyuma peke yake. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuwaharibia wenzao safari. Lakini mlima hauhami. Kilele ulichokikosa mwaka huu utakikuta palepale mwaka ujao, mradi umerudi nyumbani ukiwa mzima.