Kidhibiti cha Breki za Tela: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Pikapu ya chama inapoteremka kutoka milima ya Uporoto kwenda Uyole ikiwa na tela ya viazi, au inaposhuka Kitonga mkoani Iringa na shehena ya mahindi, uzito wa tela huisukuma kwa nyuma. Tela isipojizuia yenyewe, breki za pikapu hubeba kazi ya magari mawili, nazo hupata moto hata zikapoteza nguvu. Kwa sababu hiyo, habari ya kubadili kidhibiti cha breki za tela si ya fundi peke yake. Inamhusu pia katibu anayeandika hati ya malipo, na mwanachama ambaye mazao yake yamo ndani ya tela.

Kwanza yafaa ifahamike kidhibiti ni kitu gani. Ndani ya kila ngoma ya breki ya tela ya aina hii mna sumaku ya umeme. Umeme unapoifikia, sumaku hujishika kwenye ngoma inayozunguka, huvuta mkono mdogo, na mkono huo huvisukuma viatu vya breki vikabana. Kidhibiti ndicho kipimacho kiasi cha umeme unaokwenda huko kila dereva akanyagapo pedali. Tela nyingi za kuvutwa na trekta hazina sumaku hizo, na nyingine hazina breki kabisa. Kwa tela ya namna hiyo, kununua kidhibiti ni kutupa fedha za wanachama.

Pikapu nyingi zilizopo vijijini hazikutoka kiwandani na kidhibiti. Zilizo nacho ni hasa zile za Marekani. Kampuni ya Ford ilianza kukiweka kiwandani katika pikapu zake za Super Duty za mwaka 2005. Kidhibiti cha namna hiyo husoma mgandamizo wa mafuta ya breki na hushirikiana na mitambo mingine ya gari. Kikiondolewa na kuwekwa cha dukani, ushirikiano huo hupotea. Hivyo kisiondolewe kwa haraka.

Mara nyingi kinacholaumiwa ni kidhibiti, kumbe kosa liko nyuma. Plagi ya tela huingia vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Waya wa hasi huota kutu pale ulipofungwa kwenye chasi. Fundi na apime kabla ya kitu chochote kununuliwa. Katika ngoma za inchi 10 au 12, sumaku moja hutumia takriban ampea 3 kwa umeme wa volti 12. Tela ya magurudumu mawili itumie kama 6, na ya manne kama 12. Kipimo kikiwa chini sana, kuna kutu au waya uliokatika. Kikizidi sana, kuna waya uliochubuka au sumaku iliyokwisha. Kidhibiti kipya hakitaponya hata kosa moja kati ya hayo.

Ikithibitika kuwa kidhibiti chenyewe ndicho kibovu, chama kichague kile kinachohisi jinsi gari linavyopunguza mwendo, kiongeze nguvu kwa kadiri hiyo. Kiko cha bei nafuu kinachopeleka umeme kwa kuhesabu muda tu, ambacho hakitofautishi breki ya taratibu na ya ghafla. Kwa barabara za milimani hakifai. Jambo jingine ni volti. Malori mengi madogo, kama vile Canter, hutumia volti 24, na kidhibiti cha volti 12 kikifungwa humo huungua.

Kwa kawaida waya ni nne: mweusi huenda kwenye betri kwa kupitia fyuzi (ampea 20 kwa magurudumu mawili, 30 kwa manne), mweupe ni wa hasi, mwekundu huenda kwenye swichi ya taa za breki, na wa buluu huenda kwenye plagi ya tela. Rangi hizo ni desturi tu; karatasi ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Mahali palipokuwa na kidhibiti cha kiwandani, waya wake wa kwenda kwenye plagi hauna budi kutenganishwa kabisa, ili kile kipya kisirudishe umeme ndani ya mitambo ya gari.

Kisha kifanyiwe majaribio, tela ikiwa na shehena ya kawaida, kwenye barabara tambarare na kavu, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Dereva asukume swichi ya mkono ya kidhibiti, huku akiongeza nguvu kidogo kidogo mpaka magurudumu ya tela yakaribie kugoma, halafu apunguze kidogo. Tela ikiwa tupu, au barabara ya udongo ikiwa imelowa, nguvu ipunguzwe tena, la sivyo magurudumu yatagoma na tela itateleza. Wala kidhibiti kizuri hakimruhusu dereva kuteremka kwa kukanyaga breki mfululizo. Gia nzito iingizwe kabla ya mteremko kuanza.

Katibu na aandike katika daftari la gari tarehe ya kazi, jina la fundi, vipimo vya ampea kabla na baada, na kiwango cha nguvu kilichowekwa. Dereva mwingine atakapokabidhiwa gari, asomewe ukurasa huo kabla ya kupewa ufunguo.