Somo kwa Madereva: Kuzitambua Sauti Ngeni Ndani ya Chumba cha Dereva

Ndugu madereva na wananchi wenzetu, malori yatokayo Mombasa huingia Uganda kupitia Malaba na Busia yakiwa na shehena nzito, na mengine huendelea hadi milima ya Kabale kabla ya kuvuka mpaka wa Katuna kuelekea Rwanda. Mara nyingi gari hutoa sauti kabla halijaharibika. Kuongeza sauti ya redio ili usiusikie mlio huo si dawa. Katika toleo hili tujifunze kuusikiliza.

1. Sauti husikika wakati gani?

Gari likiwa limesimama, kanyaga mafuta kidogo kidogo. Sauti ikipanda pamoja na injini, chanzo chake ni injini yenyewe au kinachozungushwa nayo, kama mkanda wa feni uliolegea. Ikisikika gari linapotembea tu, chunguza magurudumu: mvumo unaobadilika unapokata kona huashiria beringi iliyochakaa. Mkwaruzo wa chuma unapokanyaga breki ni dalili kwamba pedi zimekwisha. Mgongano unaosikika kwenye matuta peke yake huweza kutoka kwenye springi au bushi, au kwenye jeki iliyoachwa nyuma ya kiti. Basi ondoeni kwanza vitu vilivyolegea, msije mkamlipa fundi kwa ajili ya chupa. Tena chupa hiyo ikibiringika hadi chini ya pedali ya breki, inaweza kuleta maafa.

2. Sauti zisizongoja

Ya kwanza ni hewa inayovuja chini ya dashibodi katika lori lenye breki za upepo. Zima injini, utazame geji ya upepo. Mshale ukishuka haraka, safari isianze. King'ora cha onyo kikilia njiani, simama mahali salama mara moja, kwa maana upepo ukizidi kupungua, breki za springi huweza kujifunga zenyewe. Kabla ya kushuka mlima, jambo hili halina mjadala.

Ya pili ni mngurumo mzito chini ya sakafu pamoja na harufu ya moshi. Huenda bomba la moshi limetoboka. Ndani ya moshi huo mna gesi ya kaboni monoksidi, ambayo yenyewe haionekani wala hainuki. Ukihisi kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, simama, fungua milango, utoke nje. Asilale mtu ndani ya gari hilo injini ikiwa inanguruma.

Ya tatu ni kugonga kwa gurudumu kunakozidi, huku usukani ukitetemeka. Simama ukague nati kabla gurudumu halijachomoka.

3. Namna ya kuchunguza

Dereva asiiname kutafuta sauti hali anaendesha. Kazi ya kusikiliza ni ya utingo. Aliye peke yake asimame mahali tambarare nje ya barabara, avute breki ya maegesho, azuie magurudumu na aweke pembetatu za tahadhari. Aliyetumia mawe ayaondoe kabla ya kuondoka, kwani jiwe lililosahauliwa barabarani laweza kumuua mwendesha bodaboda usiku.

Tunawasihi msiogope kumwomba askari msaada gari linapokwama. Nanyi abiria, mkisikia mlio mgeni, mwambieni dereva kwa upole, naye apokee neno hilo kwa shukrani.

Maswali ya kujipima: Je, unajua sauti ya king'ora cha upepo cha gari lako? Je, utingo wako naye anaijua?