Somo: Kuweka Mfumo Mpya Katika Kompyuta ya Kikundi Wakati Draivu ya DVD Inasumbua

Somo letu mara hii ni kwa vikundi vyenye kompyuta, hasa ile ya mtumba iliyotoka ofisini au shuleni baada ya wenyewe kununua mpya. Ndani yake mweka hazina ameandika akiba ya kila mwanachama, nani amekopa, nani amelipa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Wengine wameanza kuwaza habari ya kuchanga wanunue mashine nyingine. Kabla ya kuchanga, jueni kwamba kuna mifumo ya bure, mmoja wapo Linux Mint, unaoweza kufanya kazi katika kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali.

Mfumo ni ile programu kubwa inayoamsha kompyuta na kusimamia programu nyingine zote. Kwa miaka mingi mafundi wetu wameuweka kwa CD au DVD waliyoichoma wenyewe. Hapo ndipo taabu inapoanza, kwa maana draivu nyingi za kuchomea zimezeeka.

Draivu ya DVD hutumia mwali wa leza. Kusoma kunahitaji mwali hafifu tu. Kuchoma kunahitaji mwali mkali, kwa sababu lazima upashe moto rangi iliyo ndani ya sahani mpaka ibadilike. Kwa hiyo leza iliyochoka, au lenzi iliyojaa vumbi na moshi wa jikoni, yaweza kucheza sinema vizuri kabisa na bado ishindwe kuchoma. Watu wengi hudanganyika hapo. Wanasema, "Lakini inasoma!" Ndiyo, inasoma.

Draivu iliyokufa kabisa haina hasara kubwa, kwani kila mtu anaona imekufa. Ya kuogopwa ni ile iliyo nusu. Itazunguka, itafika asilimia mia, itafungua mlango na kutoa sahani inayong'aa, kumbe katikati kuna sehemu ambazo hazikuandikika. Tuchukue mfano. Fundi anaingiza sahani hiyo katika kompyuta ya kikundi, kazi inaanza vizuri, anakubali diski kuu ifutwe, Windows ya zamani inaondoka pamoja na daftari la mikopo, halafu ikifika robo tatu, sahani inakwama. Mfumo wa zamani umekwenda, mpya haujaingia, na Jumamosi kuna mkutano.

Kwa hiyo mambo mawili lazima yatangulie: nakala ya daftari, na uhakika wa chombo mnachotumia. Diski isifutwe kabla ya hayo.

Juu ya nakala hatutasema mengi. Hamisheni mafaili kwenye flashi mbili, zikae kwa watu wawili tofauti, kisha mfungue nakala zenyewe katika kompyuta nyingine mwone kama hesabu zimo. Nakala ambayo hakuna aliyeifungua bado si nakala.

Sasa chombo. Kama ni lazima mchome DVD, punguzeni mwendo. Programu ya kuchoma huuliza kasi. Chagueni 4 au 8 badala ya ile ya juu, maana leza dhaifu mara nyingi huandika vizuri zaidi ikipewa muda. Tumieni sahani mpya ya kuandikwa mara moja, si ile ya kufutwa na kuandikwa tena, kwa kuwa hiyo ya pili hurudisha mwanga kidogo na draivu chovu hushindwa kuisoma. Lenzi husafishwa kwa pamba laini yenye spiriti kidogo, kompyuta ikiwa imezimwa. Katika laptopu lenzi huonekana mlango ukivutwa nje. Weka tiki kwenye kisanduku cha kuhakiki sahani baada ya kuchoma. Na umeme ukipotea katikati, sahani hiyo itupeni, msijaribu kubahatisha.

Lakini maoni yetu ni kwamba DVD iachwe, mtumie flashi. Si kwa ajili ya ubovu wa draivu tu. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, na faili ya Ubuntu 24.04 ya mwaka 2024 hupita gigabaiti 5, haitoshei. Ya Linux Mint ni karibu gigabaiti 3, ingeingia, ila CD ya megabaiti 700 haiwezi hata kuanza. (Zamani kampuni inayotengeneza Ubuntu ilikuwa ikituma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, iliacha mwaka 2011. Jina lenyewe, kwa Kizulu na Kixhosa, ni ule "utu" wetu.)

Tafuteni flashi ya gigabaiti 8 isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itafutwa yote. Kupakua gigabaiti 3 kwa bando za simu ni ghali; nendeni saiba au shuleni kwenye intaneti nzuri. Faili ikishafika, ihakikini. Tovuti ya Linux Mint imeandika alama ya kila faili, mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Katika Windows, fungueni dirisha la amri mahali faili ilipo na mwandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili hiyo imeharibika njiani, pakueni upya.

Kisha tumieni programu ya bure iitwayo Rufus kuiandika faili kwenye flashi. Wengi huinakili tu kama wanavyonakili picha, halafu wanashangaa kompyuta haiamki. Na angalieni sana jina la flashi kabla ya kubonyeza kuanza, isije ikafutwa ile yenye daftari. Ingekuwa heri flashi za daftari zisiwepo mezani siku hiyo.

Chomekeni flashi, washeni kompyuta huku mkigonga F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, mchague flashi. Linux Mint itafunguka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa diski kuu. Hapa msiwe na haraka. Jaribuni sauti, intaneti, printa. Na kama Windows ilikuwa imekataa kuamka na hamkuwahi kutoa nakala, mara nyingi mnaweza kuifungua diski ya zamani kutoka hapa na kuokoa mafaili, mradi haikufungwa kwa nywila. Ikigonga tik-tik, zimeni, mpelekeni fundi wa diski.

Kompyuta ya zamani sana yaweza kukataa kuamka kwa flashi. Azimeni draivu ya DVD ya nje, ya waya wa USB. Nyingine zina waya mbili, chomekeni zote, umeme wa moja hautoshi. Ila mashine ya umri huo huenda ni ya biti 32, na Linux Mint ya kawaida iliacha biti 32 tangu toleo la 20 la mwaka 2020.

Fundi akija, mweka hazina akae naye.

"Mama, hii iko sawa, nimeichoma jana."

"Asante kijana wangu. Umeihakiki? Hebu iwashe kwanza bila kufuta, tuione."

Fundi mzuri hatakasirika.

Ya kuzungumza katika kikundi:

Nakala ya daftari letu iko kwa nani leo, na ilifunguliwa lini mara ya mwisho?

Kompyuta yetu ina kumbukumbu kiasi gani, na huamshwa kwa flashi kwa kugonga kitufe gani? Mwanachama mmoja aijaribu kabla ya mkutano ujao, aandike jibu kwa wino nyuma ya jalada la daftari.