Somo: Kumtafuta Fundi wa Kuaminika

Kikundi kikilipa fundi abadilishe beringi za gurudumu la lori, halafu baada ya siku chache gurudumu lianze kunguruma tena, hasara si ya pesa tu. Beringi ikivunjika njiani gurudumu laweza kuchomoka na watu wakaumia. Basi fanyeni hivi:

1. Ulizeni wenye malori na matatu: ni fundi gani ambaye gari likirudi na shida halikatai? Cheti cha NITA ni kizuri, lakini kazi yake ndiyo shahidi.

2. Pataneni bei kwanza, na muiandike. Mweka hazina aende naye kununua spea, alete risiti.

3. Mtu wenu awepo kazi ikifanywa. Beringi mpya iwekwe pamoja na pete yake mpya ya nje. Grisi iwe safi, isiwe na mchanga. Sili na pini ya nati ziwe mpya. Nati ikikazwa mno, beringi itaungua. Ikilegea, gurudumu litacheza.

4. Spea za zamani mrudishiwe, mzione.

5. Kabla ya kumaliza kulipa, endesheni kilomita 10 hivi, msimame. Sogezeni mkono karibu na habu, msiishike. Upande uliotengenezwa ukiwa moto sana kuliko ule mwingine, rudini kwa fundi pole pole.

Maswali ya kujadiliana: Nani kwetu atasimama na fundi? Kazi ikiwa mbaya, tutamwambiaje ukweli bila kugombana?