Mbaki Haizuii Kusahau

Sokoni Githurai 45 hukosi mzee anayenusa mbaki, yaani tumbaku ya kunusa, na kuapa kwamba inafungua kichwa. Hadanganyi. Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na baadhi ya vipokezi vyake huamshwa pia na nikotini iliyomo kwenye tumbaku. Vikiamshwa, mtu huwa makini zaidi kwa muda mfupi.

Umri ukisonga, vipokezi hivyo hupungua. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, maradhi yanayofuta kumbukumbu, hupungua zaidi, na seli zinazotengeneza asetilikolini nazo hufa. Basi watu husema, si mzee anuse zaidi? Hapana. Ni kweli kwamba Parkinson, ugonjwa mwingine wa ubongo, huonekana kwa uchache miongoni mwa wavutaji sigara, lakini wagonjwa wake walipobandikwa plasta za nikotini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, ugonjwa uliendelea vilevile. Sigara yenyewe huharibu mishipa ya damu na kuongeza hatari ya dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili. Mbaki haina moshi, ila hupandisha presha, na presha ni adui wa ubongo.

Hospitalini kuna dawa za Alzheimer, donepezili na rivastigimini, ambazo huzuia asetilikolini isivunjwe upesi. Galantamini hufanya hivyo na pia huvisaidia vipokezi vya nikotini kuitikia. Haziponyi, hupunguza makali tu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni dawa ya Piriton, inayonunuliwa kama peremende kila mafua yakibisha. Hiyo huziba vipokezi vya asetilikolini vya aina nyingine, na inaweza kumchanganya mzee kabisa. Amitriptilini, inayotolewa kwa maumivu ya neva, ina tabia hiyohiyo. Usimwachishe dawa aliyoandikiwa kabla ya kumuuliza daktari.

Kwa hiyo guka (babu) au cucu (nyanya) akianza kurudia swali moja au kupotea njia anayoijua, kusanya dawa zake zote, hata za kienyeji, na umtajie daktari mbaki pia. Hospitali ya Ruiru Level 4 iko karibu, na ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iko hapo Kahawa. Omba apimwe presha, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12 na masikio. Asiyesikia vizuri hudhaniwa amesahau. Akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, mpeleke siku hiyohiyo, kwani huenda ni maambukizi au kiharusi. Anayetaka kuacha tumbaku apige 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.