Mbegu za Kunde Zijaribiwe Kabla ya Mvua

Katika mashamba ya Utange, nyuma ya Bamburi na Shanzu, mvua za masika huanza kwa kawaida mwishoni mwa Machi au katika Aprili, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kupita yote. Mkulima wa kunde ana majuma machache tu ya kupanda. Akitia ardhini mbegu mbovu hatajua mpaka siku ya saba au ya nane, atakapotembea shambani na kuona mche mmoja hapa na mwingine kule mbali. Hapo huwa amekwisha kupoteza mbegu, ujira wa vibarua na mvua ya kwanza. Akirudia kupanda, yamkini mvua zitakatika kunde zikiwa bado katika maua.

Aghalabu lawama hutiwa juu ya mvua, au ardhi ya mchanga, au kuku wa jirani, ambao kwa kweli si wachache sasa katika vishamba vilivyobaki baina ya nyumba. Walakini mara nyingi hasara ilianza zamani, ndani ya gunia, miezi mingi kabla ya jembe kugusa udongo.

Yapasa ifahamike kwamba mbegu ya kunde ni kitu chenye uhai. Baina ya vipande vyake viwili mmelala kiini kidogo, na vile vipande ni akiba yake ya chakula. Hata inapokaa kavu ghalani, mbegu huvuta pumzi polepole na kuila akiba hiyo. Joto na unyevu huiharakisha, na hewa ya pwani ina vyote viwili. Wataalamu wa mbegu wana kanuni inayofaa kukumbukwa: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa sehemu moja katika mia, maisha yake huongezeka kadiri ya mara mbili, na ndivyo ilivyo kila joto la ghala linapopungua kwa nyuzi 5. Mkulima wa Utange hana uwezo wa kulipunguza joto la Mombasa, lakini unyevu anao mkononi mwake. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kukausha.

Kunde zilizokauka vema hupasuka zikiumwa kwa meno. Zile mbichi hubonyea tu. Iko njia nyingine iliyo bora zaidi. Chumvi ikaangwe kwanza juu ya moto, maana chumvi ya pwani huwa na maji yake yenyewe, kisha iachwe ipoe. Kiasi kidogo kitiwe katika chupa kavu pamoja na kunde, chupa itikiswe na kuachwa robo saa. Chumvi ikigandama kiooni, mbegu zirudishwe juani juu ya mkeka. Chupa ikibaki safi, zimekauka.

Adui wa pili ni fukusi. Huyu haanzii ghalani kama wengi wanavyodhani, bali jike huruka mpaka shambani na kutaga juu ya maganda yanayokauka. Funza hutoboa punje na kula ndani, asionekane, na katika muda wa majuma matatu au manne hutoka mdudu mzima akiacha tundu la mviringo. Kizazi cha pili hutaga papo hapo juu ya punje zilizobaki. Mbegu yenye tundu moja huweza kuchipua ikiwa kiini hakikuguswa, lakini akiba yake imeliwa na mche wake huwa dhaifu. Basi kunde zivunwe mara zinapokauka, zipurwe, zianikwe, kisha zitiwe katika dumu au chupa iliyokauka kabisa, ijazwe mpaka shingoni na kufungwa isipitishe hewa. Wadudu walio ndani wakikosa hewa hawawezi kuendelea. Asiye na dumu atumie majivu makavu yaliyochekechwa, vibaba vitatu kwa vibaba vinne vya kunde, na mengine yawekwe juu kama kifuniko.

Baada ya hayo yote mbegu ijaribiwe, nayo ndiyo kazi ambayo wengi huiacha, ingawa haigharimu hata senti moja. Majuma mawili au matatu kabla ya masika, zitwaliwe punje 100 kutoka juu, katikati na chini ya chombo, bila ya kuchagua nzuri. Zipangwe kumi kumi juu ya kitambaa cha pamba kilichochemshwa na kukamuliwa, zifunikwe kwa kingine, zikunjwe pamoja na kuwekwa kivulini. Kitambaa kinyunyiziwe asubuhi na jioni, kiwe na umajimaji lakini kisichuruzike, kwa sababu mbegu iliyozama majini hukosa hewa ikaoza. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kulowesha kunde usiku kucha kabla ya kuzipanda, ingawa desturi hiyo ina wafuasi.

Siku ya tano zihesabiwe. Zihesabiwe zile tu zenye mzizi mzima na shina zima; zilizovimba bila kuchipua, zilizovunjika na zilizoota ukungu ni mbovu. Zikipatikana 80 au zaidi, mbegu ni njema, na punje mbili zatosha kila shimo. Zikiwa baina ya 60 na 80, zitiwe tatu. Zikipungua chini ya 60, zipelekwe jikoni na itafutwe mbegu nyingine wakati ungali upo. Ila mbegu ya dukani iliyopakwa dawa isiliwe kamwe.

Anayenunua mbegu aweza kuuliza aina ya K80, iliyotoka katika kituo cha Katumani karibu na Machakos, ambayo hulimwa kwa majani na kwa punje pia. Wako wanaonunua maharagwe ya kupikwa katika soko la Kongowea wakayapanda. Maharagwe hayo mengi hutoka bara kwenye baridi. Huenda yakachipua vizuri sana, hata mkulima akafurahi, lakini usiku wa Mombasa una joto na maua huanguka bila kufanya maganda. Kunde huvumilia joto hilo. Kwa hiyo maharagwe yaachiwe watu wa bara.

Siku ya kupanda ni ile ambayo mvua imelowesha udongo kiasi cha kina cha kiganja. Mvua ya kwanza nyepesi ni hadaa: huamsha mbegu, kisha jua huiua. Mistari iachane kwa sentimita 60 na mashimo kwa sentimita 20. Kina kiwe sentimita 3 mpaka 5. Katika mchanga, unaokauka upesi, tano ni bora. Isizidi hapo. Punje ya mhindi hubaki chini ikapeleka jani juu, lakini kunde hutoka imeinama kama ndoana, ikivuta vipande vyake vyote viwili kupita udongoni. Ikizikwa mbali huishiwa na nguvu au huvunjika shingo. Mahali maji yanapotuama pasipandwe.

Siku ya saba shamba likaguliwe, na mapengo yajazwe juma hilo hilo kwa mbegu iliyobakizwa, maana mche utakaochelewa utafunikwa na wenzake. Zile punje zilizochipua kitambaani nazo zisitupwe. Zenye mzizi mzima zipandwe taratibu karibu na nyumba na kumwagiwa maji mpaka mvua zifike, nazo zitatoa majani ya mboga katika muda wa majuma matatu au manne.